Mkaguzi Aliyeipima Kitaya kwa Kibaba cha Mikindani

Mkaguzi wetu wa elimu ya watu wazima alikuwa mtu mwema, na mimi sijamsamehe. Nayatanguliza yote mawili ili msomaji asije akasema baadaye kwamba nilimficha jambo. Wema wake nitausema wote, maana nikiupunguza hata chembe, watu wa Mtwara waliomjua watasema nina chuki. Ninayo. Ila chuki yangu haihitaji msaada wa uongo.

Nilipofika Mtwara nikitokea Songea, msichana mwenye sanduku la bati na vyeti vyangu vya ualimu, sikuwa na mtu hata mmoja wa kumwita ndugu. Ni yeye aliyenitafutia chumba Likombe, kwa familia ya karani wa bandarini, Wakristo kama mimi, kwa sababu hakutaka niwe nakwenda kanisani peke yangu kama mfiwa. Yeye alikuwa Mwislamu asiyekosa sala ya Ijumaa. Mkewe alinitumia pweza wa kukaanga wiki ile ya kwanza, na mimi mtu wa bara sikujua hata pa kuanzia kumtafuna. Kesho yake Mkaguzi aliniuliza pweza alikuwaje, nikasema mtamu, akacheka mpaka akakohoa. Alijua nilimgawia paka.

Alikuwa mrefu, mwembamba, wa suruali ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa. Kofia yake ya viua hakuivua ofisini isipokuwa jambo limemkwama; hapo aliivua, akajikuna utosini, akaivaa tena akiwa na jibu. Aliyeingia ofisini kwake, awe tarishi au mkubwa kutoka Dar es Salaam, aliulizwa kwanza kama amekula. Kama hajala, maneno yalingoja, chai ya tangawizi ikaja na mihogo. Nimewaona watu walioingia pale na hasira zao wakatoka wanapangusa midomo, hasira wameziacha mezani pamoja na maganda.

Kilichomtambulisha zaidi, kuliko kofia na chai, ni swali lake. Ukimwambia jambo lolote limefaa, atakuuliza, "Limemfaa nani, na wapi?" Halikuwa swali la ofisini tu. Aliliuliza sokoni, akaliuliza msibani. Jirani yake aliponywa tumbo kwa majani fulani, akamletea naye furushi zima. Mkaguzi akataka kujua jirani alikunywa kabla ya kula au baada, tumbo lilikuwa la kuharisha au la kufunga, na kama hakuwa amekwisha kuanza kupona siku iliyotangulia. Jirani akachukua majani yake akaenda zake, na hawakusemezana mpaka Idi.

Mjini palikuwa na fundi cherehani aliyesifika kwa kumshonea mkubwa mmoja wa serikali suti zilizomkaa barabara. Wafanyakazi wote wakamkimbilia fundi huyo. Mkaguzi hakwenda. Alituambia kwamba mkubwa yule ana tumbo, na fundi amekuwa hodari wa kushonea tumbo. Yeye Mkaguzi hana tumbo, kwa hiyo sifa za fundi hazimhusu mpaka aone mtu mwembamba aliyetoka pale amependeza. Tulicheka. Baada ya muda mhasibu wetu, mwembamba kama yeye, alitoka kwa fundi na koti lililomning'inia mabegani. Mkaguzi alimtazama tu, akaagiza chai.

Habari ya kuku nayo nilikuwapo. Bwana Shamba alileta kuku wa kisasa, akaeleza jinsi walivyotaga huko kituoni kwao. Wenzetu wakanunua. Mkaguzi akapanda baiskeli mpaka kituoni, akawaona kuku walivyokaa. Akarudi akasema kule wanalala kwenye banda la wavu, wanapewa chakula cha gunia, na yupo mtu ambaye kazi yake ni kuwatazama wao tu. "Kwangu kuna kicheche," akasema, "na mtu wa kuwatazama ni mimi, na mimi nipo kazini. Nyie mmeambiwa kuku wanataga. Hamkuambiwa banda linataga." Kabla ya masika kuisha, vicheche wa Likombe walikuwa wamenenepa.

Basi nilijifunza kwake. Nasema wazi, yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kitu kufaulu mahali pamoja ni nusu ya habari, na nusu ya pili ni kujua kilifaulu kwa sababu zipi, na kama sababu hizo zipo huko unakotaka kukipeleka. Hakuna chuo kilichonipa somo kubwa kuliko hilo. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na mimi nilikuja kuona maana yake kwa mtu niliyempenda.

Mambo yalianzia Mikindani. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, serikali ilipotangaza kwamba kila mtu mzima ajue kusoma, Mkaguzi alitunga namna yake ya kufundisha. Herufi zote zilipita haraka mwanzoni, kisha darasa zima likaimba maneno kwa pamoja huku macho yakifuata ubaoni, na baada ya muda mfupi mwanafunzi akapewa kitabu asome mwenyewe. Akaijaribu kwa wanawake wa Mikindani, wake na mama za wavuvi na wachuuzi. Kabla ya darasa walipimwa: wote hawajui kusoma wala kuandika. Mvua zilipoanza darasa likaanza, na korosho zilipokomaa walikuwa wanasoma gazeti. Nilikuwapo siku ya mtihani, na yule bibi aliyesoma habari ya bei ya nazi kwa sauti kavu kabisa, miwani imefungwa kwa uzi, alinitoa machozi.

Mkaguzi akapanda chati. Ripoti yake ikapelekwa Dar, wageni wakaja na kamera, na namna yake ikaamriwa itumike pwani yote mpaka mtoni Ruvuma. Kila mkutano alikuwa na kisa chake cha kuchekesha. Alisimulia jinsi wale mama wa Mikindani, siku za kwanza, walivyoyaandika majina yao kuanzia upande wa mkono wa kulia wakirudi kushoto, mpaka kalamu ikagonga ukingo wa daftari. Aliwaigiza wanavyoinama. Watu walivunjika mbavu, na mimi nilicheka pia, kila mara, bila kujua ninacheka nini.

Mimi nilipelekwa Kitaya. Wasioijua Kitaya wajue kwamba iko ukingoni mwa Ruvuma, na ng'ambo ya maji wakati ule kulikuwa na vita. Usiku tulisikia mizinga ya Mreno, mchana tukalima mpunga. Wanafunzi wangu walikuwa wanawake wa Kimakonde, wengine wamevuka mto na watoto mgongoni. Kiswahili walikisema cha sokoni, cha kununulia chumvi. Hawakuwahi kuingia darasa la namna yoyote, wala la dini wala la serikali. Siku ya kwanza niliwagawia kalamu, na mama mmoja akaishika kama mtu anavyoshika mchi, kwa ngumi, kwa sababu hicho ndicho kitu ambacho mkono wake ulikuwa umezoea kukishika.

Mama huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kila siku. Alikuwa na mtoto dhaifu, na manesi waliandika mambo kwenye kadi ya kliniki, naye akairudisha nyumbani kadi bila kujua kama ameandikiwa heri au shari. Hilo tu ndilo alilolitaka kwa kisomo: aisome kadi ya mwanawe. Tulikwenda pole pole. Aliniambia siku moja, "Mwalimu, kichwa kimeelewa, bado mkono." Nami nikaanza kujifunza Kimakonde kwao, cha kuungaunga, ili neno lisilopita kwa Kiswahili lipite kwa njia ya nyumbani.

Siku ya mtihani ilifika kama ilivyofika Mikindani, ratiba ile ile, maswali yale yale. Karibu wote wakashindwa. Yule mama alisoma herufi zote na maneno mafupi, kitu ambacho mwaka uliotangulia angekiona uchawi, lakini mtihani ulitaka gazeti. Mkaguzi alikuja na Landrova, akakaa nyuma ya darasa, akaniuliza kama nimekula. Hakuuliza kitu kingine. Hakuuliza limemfaa nani, na wapi.

Nilimfuata Mtwara. Njia nzima, juu ya lori la magunia, nilikuwa nakipitisha kichwani kile kisa chake cha kuchekesha, na mahali fulani kabla ya kufika mjini kicheko kikaniishia na nikaona kilichokuwa ndani yake.

"Mzee," nikamwambia tulipokwisha kunywa chai, "wale mama wa Mikindani walioanza kuandika upande wa mkono wa kulia, vichwani walikuwa na herufi gani?"

"Za Kiarabu," akasema, akianza kutabasamu. "Za chuoni, za Kurani. Zipi tena?"

"Basi walikuwa wanajua kusoma kabla yetu. Tangu wadogo wamekaa chuoni na ubao mapajani, wamefuata herufi kwa kijiti, wamejua kwamba alama ni sauti. Sisi tuliwaandika hawajui kusoma kwa kuwa ofisi haihesabu msahafu. Tuliwaongezea herufi nyingine tu, tena kwa lugha ya mama zao. Wangu wa Kitaya hawakuwa na lolote kati ya hayo. Namna ile ilimfaa nani, Mzee, na wapi?"

Tabasamu likaondoka. Akavua kofia, akajikuna utosini. Nikamtazama usoni, nikaona ameelewa. Hapo ndipo penye fundo langu. Angekuwa mjinga ningemsamehe kabla sijatoka mlangoni, maana mjinga anasamehewa kila siku. Yeye alielewa, maana hata yeye alipita chuoni kabla ya shule na ubao ule aliushika kwa mikono yake.

Akaivaa kofia. "Mwanangu," akasema kwa upole, "namna ile imekwisha kuthibitika. Wakubwa wameikubali. Kinachobaki kuangaliwa ni mwalimu."

Akaangalia mwalimu. Aliandika kwamba mwalimu wa Kitaya hana ari, na kwamba wanafunzi wake ni wazito wa kuelewa. Mimi nikahamishwa, nikawekwa ghalani Mtwara kutunza chaki, mbao za kuandikia na taa za karabai. Darasa likafungwa. Lakini kabla ya kufungwa, karani wa kata aliyaleta maneno yale Kitaya akayasoma katika mkutano wa kijiji, wanaume wamekaa mbele, na mimi nilikuwa bado sijaondoka. Neno "wazito" lilisomwa mara mbili, kwa kuwa wengine walikuwa hawajalisikia. Yule mama alikuwa amembeba mtoto. Aliitoa ile kadi ya kliniki alikokuwa ameifunga, pindoni mwa kanga, akanipa niishike, akasema nimsomee mara ya mwisho basi, kwa sababu naondoka.

Nikamsomea. Kadi ilisema mtoto anaongezeka uzito.

Ghalani nilikaa miaka. Mkaguzi alikuwa akipita kuchukua chaki, akanisalimu na kumwulizia mama yangu kwa jina, akaniuliza kama nimekula. Idi akaniletea biriani, Krismasi akaniletea mbuzi nusu. Nilipougua homa ya matumbo ni yeye aliyenipeleka hospitali na akashinda nje kwenye benchi. Wenzangu walisema mzee huyu anakupenda kama bintiye, na nilijibu ndiyo, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikula biriani yake. Kila tonge nililihesabia neno moja la ile ripoti, na neno "wazito" nililitafuna polepole kuliko yote. Sikutaka anipende. Nilitaka aseme.

Akasema. Ilikuwa baada ya vita vya ng'ambo kwisha, katika semina ya walimu wa mkoa. Wakati huo matokeo mabaya yalikuwa yamekuja kutoka vijiji vingi vya mtoni na vya ndani, si Kitaya tu, na haikuwezekana tena kila kijiji kiwe na mwalimu mvivu. Mimi nilikuwa nimepeleka maboksi ya chaki, nikasimama mlangoni nyuma ya ukumbi. Mkaguzi alikuwa msemaji hodari. Harusini na mazikoni watu walimwomba yeye aseme, na alijua mahali pa kunyamaza ili makofi yaingie. Siku ile alipanda jukwaani, akavua kofia, akasema, "Ndugu zangu, mimi nimekosa."

Akakisimulia kile kisa cha mama wa Mikindani wanaoandika kutoka mkono wa kulia. Watu wakacheka. Akangoja wamalize, kisha akawauliza: vichwani mwao mlikuwa na herufi gani? Akaeleza habari ya chuo, ubao, kijiti, lugha ya mama. Akaeleza kwamba ushindi wa Mikindani ulikuwa na mizizi ambayo Kitaya haikuwa nayo, na kwamba anayetaka kuhamisha mti aangalie kwanza udongo. Yalikuwa maneno yangu, na yeye aliyasema vizuri kuliko mimi. Alisema alilala na kuamka na jambo hilo mpaka likamfunukia. Mwalimu aliyemfuata juu ya lori la magunia hakuwamo. Walimu wakasimama wakapiga makofi, mwingine karibu yangu akafuta machozi na kusema wazee wa namna hii wamekwisha.

Miaka yote nilikuwa nimengoja maneno hayo, na alipoyatoa akayatoa yakawa sifa yake nyingine.

Nilinyoosha mkono pale pale mlangoni. Afisa aliyeongoza semina alidhani nina tangazo la chaki, akaniruhusu.

"Shikamoo, Mzee," nikasema. "Umesema vizuri. Wanawake wa Kitaya walisomewa hadharani kwamba ni wazito. Nani amekwenda kuwasomea haya ya leo?"

Alinitazama kwa mbali, akiwa bado na kofia mkononi. Akasema hakuna aliyekwenda. Akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua, kwamba atakwenda yeye. Afisa, ambaye alikuwa amepiga makofi kuliko wote, akaona aibu, akaagiza gari litoke wiki ile ile. Mkalimani alihitajika. Nilijitaja kabla hajatajwa mwingine.

Hatukuongea sana njiani. Aliniuliza kama nimekula, nikasema nimekula.

Kitaya wanawake walikusanyika uwanjani walikosomewa zamani, wengine wakitoka mashambani na matope ya mpunga miguuni. Yule mama alikuwapo. Mtoto wa kadi alikuwa amekua, anakimbia na wenziwe. Mkaguzi alisimama akawaamkia, kisha akaanza. Lazima niseme haki: aliongea kwa moyo wake wote. Alianza na kumshukuru Mungu, akaja kwa vita na tabu walizoziona, akaja kwa mama wa Mikindani na ubao wao, akaja kwa mti na udongo. Aliwasifu kwa kujua mpunga, mto na watoto. Alisema elimu ni bahari. Sauti ilimtetemeka palipohitajika, na nadhani ilitetemeka kweli. Alipokwisha alinigeukia, macho yamelowa, ili nitafsiri.

Kimakonde changu kingetosha. Si kwa yote, lakini kingetosha kwa mengi.

Nikawaambia wanawake, "Anasema alikosea. Anasema nyie si wazito."

Nikaishia hapo. Walingoja. Kisha yule mama akauliza kama mzee ameongea muda wote ule kusema hayo tu, nikamjibu ni hayo tu. Wakatazamana. Wakateta kidogo wao kwa wao, na yule mama akasimama kwa niaba yao, akamtazama Mkaguzi badala ya kunitazama mimi, akasema maneno marefu kidogo, pole pole, ili nisipotee. Alisema nimwambie mzee hawana kinyongo naye. Mtu mzima aliyetoka mjini mpaka mtoni kuja kusema nimekosa, alisema, hana deni tena. Arudi salama kwa watoto wake, na akipita tena njia hii aje kwake, atakula wali mpya. Wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Mkaguzi aliinama kwangu. Mkono wake ulikuwa umeishika kofia kwa nguvu mpaka imekunjamana.

"Wamesema nini, mwanangu?"

"Wamesema wamesikia," nikamwambia.

Aliendelea kunitazama, akingoja kama kuna zaidi. Nikamwambia dereva anatungoja.